Maswali ya Wasomaji: Ramani ya Nyumba na Viwanja Inapoingizwa Kwenye Programu ya Picha

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Dodoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mchoro uliochorwa na msanifu majengo au mpima ardhi utaingiaje kwenye programu ya kutengeneza vipeperushi na mabango bila kupoteza vipimo vyake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia makao makuu mwaka 2016, wenye ofisi za uchapishaji jijini humo wanaletewa mafaili ambayo zamani yalikuwa yakiishia mezani kwa wataalamu wenyewe. Tumechagua maswali manne.

Swali: Ndugu Mhariri, nina ofisi ndogo ya uchapishaji Nzuguni. Mteja wangu anauza nyumba na anataka kipeperushi chenye ramani yake. Mchora ramani amenipa faili la DXF. Nikiliingiza kwenye Inkscape, programu ya kuchora ninayotumia, nyumba inakuja ndogo kama stempu, maneno yanapandiana, na baadhi ya milango na vitanda havionekani kabisa. Nikiivuta iwe kubwa, sina hakika kama vipimo vinabaki sahihi. Kosa ni la faili au la programu?

Jibu: Ndugu yetu wa Nzuguni, faili lako ni zima na programu yako haina kosa. Zimekutana tu zikiwa na mazoea tofauti, na kazi ya kuzipatanisha ni yako wewe uliye katikati.

Programu za michoro ya kiufundi kama AutoCAD, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, humwezesha mchoraji kuchora kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wenye urefu wa mita 14.4 huandikwa 14.4 ikiwa mchoraji anahesabu kwa mita, au 14400 ikiwa anahesabu kwa milimita, na suala la karatasi huahirishwa hadi siku ya kuchapisha. Inkscape inaanzia upande wa pili: inaanza na karatasi, na kila kitu kinachowekwa juu yake kina ukubwa wa karatasini. Faili la DXF, ambalo kampuni ya Autodesk ililibuni ili programu nyingine ziweze kusoma michoro ya AutoCAD, hubeba namba za mistari jinsi zilivyo. Inkscape inapozipokea namba hizo bila kuambiwa lolote, inachukulia kuwa kila moja ni milimita. Kwa maneno mengine, mchora ramani wako amechora kwa mita, na ukuta wa 14.4 umetua kwenye karatasi yako ukiwa na milimita 14.4. Hakuna kipimo kilichopotea hapo: umepewa nyumba nzima kwa skeli ya 1:1000, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 1000 za nyumba, sahihi kabisa, ila hiyo ni skeli ya ramani ya mtaa.

Kabla hujaingiza chochote, basi, hakikisha unajua kizio kilichotumika. Njia bora ni kumpigia simu mchora ramani umuulize. Ikiwa hapatikani, fungua nakala ya faili kwa Notepad, kwa sababu DXF ya kawaida ni maandishi matupu yanayosomeka, kisha tafuta neno $INSUNITS. Chini yake utakuta namba 70, na chini ya hiyo namba nyingine ambayo ndiyo jibu: 1 ni inchi, 4 ni milimita, 5 ni sentimita na 6 ni mita. Ukikuta 0, mchoraji hakutaja kizio. Mafaili ya matoleo ya zamani, kama lile la R12, hayana kabisa mstari huo. Na hata unapokuwapo usiuamini peke yake, kwa kuwa wapo wachoraji wanaofungua kiolezo cha milimita na kuchora kwa mita ndani yake bila kubadilisha chochote.

Ukishajua kizio, rudi Inkscape. Katika dirisha linalojitokeza wakati wa kuingiza DXF kuna nafasi ya kuandika kizidisho cha skeli kwa mkono. Ikiwa mchoro ni wa mita na unataka skeli ya 1:100, andika 10, kwa sababu kila mita ya nyumba itakuwa milimita 10 za karatasi. Ikiwa mchoro ni wa milimita, kizidisho cha skeli hiyo hiyo ni 0.01. Kwa 1:50 ni 20 na 0.02. Nyumba yako ya mita 14.4 itakuwa na milimita 144 kwa 1:100, nayo inaenea vizuri kwenye A4 yenye upana wa milimita 210. Kwa 1:50 itafikia milimita 288 na itahitaji A3. Katika dirisha hilo hilo kuna chaguo la kuifanya programu ipanue mchoro yenyewe ujaze upana wa A4. Tunakuomba sana usilitumie kwa ramani ya nyumba, kwa sababu mchoro utapendeza machoni lakini hutaweza kumwambia mnunuzi kuwa uko kwenye skeli gani.

Baada ya hapo pima kitu kimoja unachokijua. Sisi tunapendekeza mlango: kama ramani inasema upana wake ni milimita 900, kwa skeli ya 1:100 lazima usome milimita 9 kwa kifaa cha kupimia cha Inkscape. Usitegemee visanduku vya upana na kimo vilivyo juu ya dirisha, kwa sababu katika mpangilio wa kawaida huhesabu pia unene wa mstari, na kwenye kitu kidogo kama mlango tofauti hiyo inatosha kukupoteza. Mlango ukitoka sahihi, nyumba nzima imetoka sahihi. Usipotoka, futa uingize upya kwa kizidisho kingine. Usianze kuvuta kona za mchoro kwa kipanya.

Kuhusu milango na vitanda vilivyopotea, hivyo kwa kawaida huchorwa mara moja na kuhifadhiwa kama bloku, kisha hurudiwa kila vinapohitajika. Inkscape husoma bloku kwa kiasi kidogo tu, na dirisha lake la kuingiza linakiri hivyo waziwazi. Mwombe mchora ramani ahifadhi nakala, atumie amri ya EXPLODE kwenye nakala hiyo ili bloku zigeuke kuwa mistari ya kawaida, kisha akutumie hiyo. Akifanya hivyo kwenye faili lake la asili ataharibu kazi yake mwenyewe, kwa hiyo msisitizie neno nakala.

Maneno yanapandiana kwa sababu wachoraji wengi hutumia fonti za AutoCAD zenye kiambishi cha SHX, ambazo programu za picha hazina. Inkscape huweka fonti nyingine yenye upana tofauti, na "chumba cha kulala" kinaingia jikoni. Usipoteze muda kuzirekebisha moja moja. Weka maandishi yote kando na uyaandike upya kwa fonti yako. Ramani ya kipeperushi ina maneno machache, na mnunuzi anastahili kuyasoma bila kukodoa macho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ukitumia amri ya "Import" kuleta DXF ndani ya ukurasa uliokwisha kuuanza, matabaka ya mchora ramani, yaani makundi aliyotenganishia mistari yake, hayabaki, na kuta, samani, umeme na maji vitachanganyika pamoja. Ukitumia "Open" matabaka hubaki. Fungua kwa "Open", zima matabaka usiyoyahitaji, ndipo unakili kilichobaki kwenda kwenye kipeperushi chako.

Tumekueleza yote haya kwa kuwa ndiyo uliyouliza, lakini kwa kazi ya kipeperushi tungekushauri uombe PDF iliyotolewa moja kwa moja kutoka AutoCAD, pamoja na skeli yake. Inkscape inafungua PDF, unene wa mistari unakuja kama mchoraji alivyokusudia, skeli ya karatasini inabaki, na maandishi ya SHX hugeuka mistari, hivyo hayabadiliki sura ingawa huwezi kuyahariri. DXF iachie kazi zinazohitaji kila mstari uwe na kipimo chake, kama ile ya kukata bati za geti kwa mashine.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, kikundi chetu kimenunua eneo Ihumwa na limeshapimwa. Mpima ametupa DXF ya viwanja, nasi tunataka bango la ukubwa wa A1 lenye viwanja vilivyouzwa kwa rangi moja na visivyouzwa kwa nyingine. Faili linafunguka bila onyo lolote, lakini karatasi ni tupu. Tumejaribu kwenye kompyuta mbili. Je, mpima ametupa faili lisilo na kitu?

Jibu: Hapana, na msimdai mpima chochote. Viwanja vyenu vimo ndani ya faili, ila viko mbali sana na karatasi.

Mpima ardhi hachori kuanzia kona ya karatasi. Anatumia viwianishi vya dunia, yaani namba zinazotaja mahali kwa mita kuelekea mashariki na kaskazini, na Dodoma imo katika Kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda. Katika mfumo huo, kwa nchi zilizo kusini mwa ikweta, mstari wa ikweta hupewa thamani ya mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi, kwa hiyo kiwanja cha Dodoma huwa na namba ya kaskazini inayozidi kidogo 9,300,000 na namba ya mashariki ya zaidi ya 800,000. Inkscape inapozisoma namba hizo kama milimita, inaviweka viwanja vyenu zaidi ya kilomita 9 juu ya ukurasa na mita mia nane na ushei kulia. Bonyezeni namba 4 kwenye kibodi, ambayo huamuru dirisha lionyeshe mchoro wote popote ulipo, nanyi mtaviona.

Hata hivyo msiishie kuviburuta hadi kwenye karatasi. Programu za picha hazikujengwa kubeba tarakimu ndefu hivyo. Inkscape, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi tarakimu nane za kila namba, na mtu mwenye namba ya mamilioni pamoja na sentimita zake anahitaji zaidi ya hizo. Matokeo yake kona zinahama kidogo, mistari miwili iliyokuwa ikigusana inaachana, na mstari ulionyooka unakuwa na kigongo. Kwa jicho huenda msione, lakini mtakapofika kwenye kujaza rangi mtahangaika.

Njia safi ni kuusogeza mchoro kabla haujaingia. Mwombeni mpima, au tumieni wenyewe LibreCAD ambayo ni ya bure, kupunguza namba moja ya duara kutoka viwianishi vyote. Tuseme mnachagua kutoa 818,000 upande wa mashariki na 9,317,000 upande wa kaskazini: bikoni, yaani alama ya kona ya kiwanja, iliyokuwa 818,246.35 mashariki na 9,317,103.80 kaskazini inakuwa 246.35 na 103.80, na kila bikoni nyingine inapunguzwa vivyo hivyo, hivyo umbali kati yao haubadiliki hata sentimita moja. Andikeni namba mlizotoa pembeni mwa bango, au angalau kwenye jina la faili, ili yeyote atakayetaka kurudisha mchoro mahali pake aweze.

Skeli kwenu ni rahisi kuliko kwa ndugu wa Nzuguni. Kwa kuwa mpima huhesabu kwa mita, kizidisho cha 1 kinawapa 1:1000 moja kwa moja, na kiwanja cha mita 20 kwa 30 kitakuwa na milimita 20 kwa 30. Kwa karatasi ya A1, yenye milimita 594 kwa 841, eneo la mita 300 kwa 250 linaenea vizuri kwa 1:500, yaani kizidisho cha 2, na nafasi ya kichwa cha habari na ufunguo inabaki. Mkilazimika kuuzungusha mchoro ili ukae vizuri, zungusheni na mshale wa kaskazini pamoja nao. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtu atasimama mbele ya bango hilo akijaribu kukumbuka upande ambao barabara ya Morogoro inapita.

Sasa rangi. Ndoo ya rangi ya Inkscape haijazi kiwanja chenyewe. Inatazama kinachoonekana kwenye kioo wakati huo na kuchora umbo jipya linalokikaribia, hivyo kiwanja kimoja mkikijaza mara mbili kwa ukuzaji tofauti mtapata maumbo mawili yasiyolingana. Pia mpaka kati ya viwanja viwili mara nyingi huchorwa kama mstari mmoja tu wa pamoja, na mstari peke yake hauwezi kushika rangi. Mwombeni mpima awatolee kila kiwanja kama umbo lililofungwa, kwenye tabaka lake la pekee, na namba za viwanja kwenye tabaka jingine. Kwake ni kazi ya muda mfupi. Kwenu ingewachukua siku nzima na bado ingekuwa na nyufa.

Hatuwezi kuliacha swali hili bila kugusa jambo lililo zito kuliko yote. Bango hilo litakuwa tangazo na si hati. Mipaka ya kiwanja hutambuliwa kwa ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wa Wizara ya Ardhi, na kwa bikoni zilizosimikwa ardhini. Liandikeni hilo chini ya bango kwa herufi zinazosomeka, na msiweke muhuri wala saini ya mpima juu ya mchoro mlioubadilisha nyinyi. Mtu anayetoa akiba yake kununua kiwanja anaamini anachokiona, na ni haki yake ajue anachotazama.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma. Nimepewa faili la DWG na Inkscape haitaki kulifungua. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. DWG ndiyo namna AutoCAD inavyohifadhi kazi yake yenyewe, na Autodesk haijauweka hadharani muundo wake, kwa hiyo programu nyingine zimelazimika kuuchunguza kutoka nje. Mwombe aliyekupa alihifadhi upya kama DXF ya toleo la 2000. Ikishindikana, kuna programu ya bure ya ODA File Converter inayogeuza DWG kuwa DXF kwa toleo unalochagua. LibreCAD nayo hufungua baadhi ya mafaili ya DWG, si yote. Ukitaka kujua faili lako ni la toleo gani, fungua nakala yake kwa Notepad: utaona vurugu tupu, lakini herufi sita za mwanzo zinasomeka. AC1015 ni toleo la 2000, AC1018 ni la 2004, AC1021 ni la 2007, AC1024 ni la 2010, AC1027 ni la 2013 na AC1032 ni la 2018. Epuka tovuti zinazokutaka upakie faili ili zikugeuzie, hasa kama ramani ni ya nyumba ya mtu au ya ofisi, kwani si yako kuigawa.

Swali: Ndugu Mhariri, natengeneza mabango Majengo. Nimefungua PDF ya ramani ya jengo, saizi ya A3, kwenye GIMP, nikaiweka kwenye bango lenye upana wa mita 3. Kwenye kompyuta ilionekana safi, lakini bango limetoka na mistari yenye ukungu na mingine imekatika. Mashine ya kuchapisha ni mbovu?

Jibu: Kabla ya kuilaumu mashine, tuhesabu pamoja. GIMP hufanya kazi kwa pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, kwa hiyo inapofungua PDF inakuuliza unataka nukta ngapi kwa inchi, na hapo ndipo mistari yote hugeuka kuwa nukta. Ukikubali 100, karatasi ya A3 yenye urefu wa milimita 420 inapata pikseli 1,654 tu. Ukizitandaza kwenye mita 3, kila pikseli inakuwa na karibu milimita 2 za bango. Tena kwa nukta 100 kwa inchi kila pikseli hushika milimita 0.254 za karatasi ya asili, ilhali mistari ya vipimo kwenye michoro ya kiufundi huchorwa mara nyingi kwa unene wa milimita 0.18. Mstari ulio mwembamba kuliko pikseli hauwezi kuwa mweusi. Unageuka kijivu, na mahali pengine unatoweka. Hiyo ndiyo mistari iliyokatika.

Unaweza kuomba nukta nyingi zaidi wakati wa kufungua. Bango la mita 3 kwa 1.5 likiwa na nukta 100 kwa kila inchi ya bango lenyewe linahitaji pikseli 11,811 kwa 5,906, yaani karibu milioni 70, na kompyuta ya kawaida italibeba kwa shida. Ukitaka nukta 300 zitakuwa mara 9 ya hizo, na hapo hatukushauri hata ujaribu.

Ramani haina sababu ya kuingia GIMP. Picha ya jengo irekebishe huko, rangi na mwanga, kisha ilete Inkscape, ambako ramani inabaki kuwa mistari na inakuzwa hadi ukubwa wowote bila ukungu. Nenepesha mistari kwa mujibu wa bango na si kwa mujibu wa karatasi ya msanifu: kwa mtu anayesoma akiwa ng'ambo ya barabara, kuta zinahitaji milimita kadhaa, na mistari ya vipimo ni bora uiondoe kabisa kuliko kuiacha imfifie machoni. Ukimaliza, geuza maandishi yote kuwa mistari kwenye nakala ya mwisho na utoe PDF, kwa sababu kompyuta iliyounganishwa na mashine ya mabango huenda haina fonti uliyoitumia.